Viatu Barazani kwa Bwana Mkubwa

Fundi viatu alikuwa na miaka thelathini kwenye kona ile, na miguu ya mtaa mzima aliijua kuliko nyuso zao. Mwaka huu uvumilivu ukamwishia, akachukua fomu ya udiwani.

Kisa chenyewe kilikuwa chumba kimoja tu. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani na mapacha, naye Fundi alitaka kuwajengea uani. Matofali anayo, saruji anayo. Ila ardhi ya mtaa ni ya ukoo wa Bwana Mkubwa tangu enzi za mababu, na hupigi hata msumari mpaka ukavue viatu barazani kwake na kuomba. Fundi alikwenda mara tatu, na mara zote aliambiwa Bwana amepumzika. Udiwani nao ulikuwa wa ukoo huohuo: babu, baba, sasa Bwana Mkubwa mwenyewe, utadhani kiti walikikuta kwenye mirathi.

Miezi miwili Fundi aliwahubiria wateja huku akigonga soli: kura ni siri, kura ni yako, na akishinda atadai hati za viwanja. Muuza mkaa akaapa kumchagua, mwalimu akaapa. Mkewe ndiye aliyebandika picha zake ukutani.

Asubuhi moja kabla ya kura, akapita mbele ya nyumba ya Bwana Mkubwa. Baraza limejaa viatu hadi kwenye ngazi. Hakuhitaji kuuliza ni nani wamo ndani. Ile soli ya tairi ni ya muuza mkaa. Kisigino kilichoongezwa ni cha mwalimu. Na pembeni, yamepangwa kwa adabu, makubazi ya kike yenye uzi wa buluu, aliyoyashona mwenyewe Ijumaa.

Alirudi nyumbani, akamsubiri mkewe mlangoni. Mkewe alipoingia, akamuuliza amelipwa nini.

“Kulipwa? Hapana, baba watoto. Tumekwenda kukuombea. Tumemwambia Bwana tunataka kukupa kura zetu, atupe ruhusa. Si vizuri kumpita.”

Maneno yote ya miezi miwili, watu wameyasikia, wameyakubali, kisha wamekwenda kuyavulia viatu. Fundi akaketi kwenye kigoda. Halafu akauliza, na akajichukia kwa kuuliza.

“Akasemaje?”

“Ametupokea vizuri sana,” mkewe akasema. “Amesema atatujibu baada ya uchaguzi.”