Povu la Nepi Safi

Dada yangu alijifungua mtoto wa miezi saba. Kwetu wazee huamini kuwa wa saba huishi na wa nane ndiye wa kuogopewa, kwa hiyo siku mtoto alipotoka hospitali, mwekundu, mdogo kama kuku aliyenyonyolewa, shangazi yetu alimpokea kama mtu ambaye shida yake imekwisha. Haikuwa imekwisha. Nesi wa kliniki alikuwa ametoa sharti: kila Ijumaa mtoto apelekwe mizani, na Ijumaa atakayoonekana amepungua, arudi wodini yeye na mama yake. Dada alikuwa amekaa wodini wiki tano. Kitanda cha pembeni yake kilibadilisha wazazi watatu, na wawili kati yao waliondoka mikono mitupu. Hakutaka kurudi kule hata kwa kukokotwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa nimetoka Jambiani, nilikobeba magunia ya mwani kwa msimu mmoja, na kabla ya hapo nilipaka rangi nyumba, nikatengeneza baiskeli, nikakaa Pemba bila sababu. Skuli niliiacha darasa la saba. Sikuwa mjinga, mwalimu alichoka na maswali yangu, nami nikachoka kuyameza. Nilifikia kwa dada Jang'ombe nikitaraji kupumzika siku mbili. Shemeji alikuwa kazini bara. Shangazi alikuwa amehama kwake Mji Mkongwe ili amlee mzazi mpaka arubaini itimie, aliyoihesabu upya tangu siku ya kutoka wodini, lakini yeye ni mtu wa kupika uji wa pilipili manga na kufukiza, si wa kubeba ndoo. Mfereji wetu ulikuwa haujatoa tone la maji tangu mwezi uliopita. Basi maji yakawa yangu, na nepi zikawa zangu.

Vijana wa barazani walifurahi sana. Kila nilipopita na beseni, mmoja aliniuliza, "Dobi, zangu utanifulia lini?" Nikamwambia azaliwe kwanza miezi saba, nitamfulia bure.

Wiki ya pili mtoto alitoka vipele mapajani. Kisha ngozi ikaanza kubanduka, pakabaki pekundu panapong'aa. Kila akikojoa alilia, na kile hakikuwa kilio cha kusikika mtaani. Kilikuwa kama mlango mdogo wenye kutu. Akilia aliliachia ziwa, na akiliachia hakulirudia tena. Dada alikuwa anahesabu kila mnyonyo, nami nilimwona akihesabu.

Kila aliyeingia kuja kumtazama mzazi alileta na sababu yake mfukoni. Shangazi alisema ni joto la maziwa, kwa kuwa dada alikula embe mbichi akiwa na mimba. Jirani akasema ni macho ya watu. Nikauliza: kama ni joto la maziwa, mbona kwapani hana kitu? Kama ni macho, jicho gani linalotazama ndani ya nepi tu? Shangazi akanigeukia, akaniuliza skuli ya watoto wachanga niliisomea wapi. Hilo ndilo jibu nililopewa maisha yangu yote kila nilipouliza kitu, na bado lilikuwa linauma.

Ijumaa dada alirudi kutoka kliniki macho yamemvimba. Uzito ulikuwa ule ule, haukupanda wala kushuka, na nesi alimfunua mtoto mbele ya kina mama wengine akasema huu ni uchafu. "Zichemsheni, zifueni kwa sabuni. Mtoto namna hii hataki mchezo. Ijumaa ijayo akiwa hivi hivi, namlaza."

Uchafu. Mimi ndiye niliyekuwa nafua. Nilikasirika nikaona nitamwonyesha. Nikaongeza sabuni ya unga, nikakwangua na ya mche juu yake, nikatia dawa ya kuulia vijidudu vifuniko viwili palipotakiwa kimoja. Nikachemsha, nikafikicha mpaka vidole vikakunjamana. Kusuuza nilisuuza mara moja, kwa maji yale yale ya beseni moja, maana ndoo ilitoka mbali. Nepi zilikauka kwenye kamba zikawa ngumu, ukiishika moja pembeni inasimama. Nyeupe kabisa. Shangazi akazitandaza juu ya tenga la ukindu, chini yake akaweka chetezo cha udi, maana kwake mtoto wa nyumba ya watu hapakatwi akinuka mkojo. Juu ya nepi akavishwa chupi ya plastiki, asiwalowanishe wageni.

Jumapili ngozi ilianza kutoa damu.

Jumatatu nilikuwa natoka kuteka maji mtaa wa Amani na ndoo mbili kwenye mti, mti umenichubua bega. Kwenye kamba nikachukua nepi kavu, nikaikunja nikaiweka begani, nikarudi kuchukua maji ya pili. Njiani maji yakamwagika, nepi ikalowa. Nilidhani nimeng'atwa na nyuki. Bega liliwaka kama limekamuliwa ndimu, nikatua ndoo katikati ya njia, watu wakinipita wananitazama.

Pale nikamkumbuka mama mmoja wa Jambiani, mkulima wa mwani. Niliwahi kumuuliza kwa nini viganja vyake vina vidonda na bahari ile ile tunaoga sote. Akanicheka. Akasema maji hayamli mtu, kinachomla ni kukaa nayo, na chumvi inayobaki yakikauka.

Nilifika nyumbani, nikatia maji safi kwenye beseni, nikatumbukiza nepi iliyofuliwa, iliyochemshwa, iliyofukizwa. Nikaifikicha. Beseni likajaa povu.

Nikamwita shangazi. Nikamsogezea beseni tu, maana nilijua nikisema nitaulizwa skuli. Alichovya kidole, akakinusa, akalitazama povu.

"Na udi wangu?" akaniuliza.

"Na udi pia, shangazi. Moshi unakaa humo."

"Mtoto wa nyumba hii anuke maziwa?"

"Anuke maziwa, lakini ayanyonye."

Dada alikuwa kitandani anasikiliza. Alimvua mtoto ile chupi ya plastiki akaitupa uvunguni. Hakuna aliyemkataza.

Siku nne zile nilibeba maji kama punda. Nilisuuza kila nepi mara nne, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Shangazi alichana khanga zake kuukuu, laini, akazikata vipande kwa mkono wake mwenyewe, na mchana mtoto alilazwa wazi juu ya kimojawapo. Udi aliuhamishia sebuleni, wakaupata wageni. Jumatano mtoto alikojoa bila kulia. Dada alinitazama, akaangalia ukutani haraka, kama anaogopa kusema.

Lakini siku ile ile ya Jumatatu ilikwisha pia dawa ya chupa ambayo mtoto alitoka nayo wodini, iliyokuwa ikimharisha. Kwa hiyo ni nini hasa? Sabuni, moshi, plastiki, choo chepesi, au ngozi yake tu, iliyotoka kabla ya kuiva? Sikupata kujua. Nilitaka jambo moja maishani nilijue mpaka mwisho, na hata hilo lilikuja limechanganyika.

Ijumaa niliwasindikiza. Sindano ya mizani ikapita mstari wa wiki iliyopita, kidogo, lakini ikapita. Nesi akamfunua mtoto, akamgeuza, akaridhika.

"Mmeona?" akamwambia dada. "Nilisema ni usafi. Mmeongeza sabuni, si ndiyo?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kila kitu tayari: bega, beseni, povu, mama wa Jambiani. Dada akanikanyaga kidole cha mguu, akaegemeza uzito wake wote hapo.

"Ndiyo, bibi," akasema. "Tumeongeza."

Nesi akaandika kwenye kadi kwamba mtoto aendelee kukaa nyumbani. Nyuma yetu alikuwa amesimama mama mwingine na mtoto mdogo zaidi ya wetu, amefungwa nepi nyeupe pe, pembe zake zimesimama zenyewe.