Bega la Hersilia

Hersilia Xicay aliuza mikate katika mji wa Antigua tangu ujana wake, na hakuna aliyemwona amekaa bure. Mwili wake ulikuwa mkubwa, sauti yake kubwa, na Ijumaa Kuu alikuwa miongoni mwa wanawake wanaobeba mabegani jukwaa lenye sanamu ya Bikira katika maandamano. Kisha magoti yakagoma, sukari ikaanza kupanda, na miaka kadhaa ikapita yeye akiwa kando ya barabara na shela nyeusi, akiangalia wenzake wanapita na mzigo wake.

Daktari alipompa sindano ya kupunguza uzito, ya kujidunga tumboni mara moja kwa wiki, njaa ilimtoka kama mgeni aliyeondoka bila kuaga. Hersilia alifurahi: mwaka huu angerudi kubeba. Asubuhi kahawa, jioni mchuzi kidogo, basi. Sketi zikaanza kumpwaya. Wateja wakamsifu, naye akazipokea sifa zote bila kurudisha chenji.

Lakini Kwaresima ilipoanza, alipiga magoti kanisani na kuinuka kukamshinda. Rafiki yake Domitila, muuza maua, ndiye aliyemvuta kwa kwapa.

"Shoga, umepungua mpaka nguvu," Domitila alimnong'oneza. "Ukiendelea hivi mwaka huu utabebwa wewe, si Bikira."

Hersilia hakucheka. Kesho yake alishindwa kuinua trei ya mikate aliyoizoea. Akaenda kliniki kwa Nineth, mtaalamu wa lishe, binti mwembamba ambaye Hersilia hakumwamini kwa sababu hiyohiyo.

"Mama, kaa kwenye kiti hiki. Haya, simama bila kushika popote."

"Binti, mimi nimebeba magunia ya unga kabla hujazaliwa."

"Najua, mama. Simama."

Alijaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, uso ukamwiva.

"Sindano imekuondolea njaa," Nineth alisema taratibu. "Haijakuondolea haja ya kula. Usipokula, na usipoutumikisha mwili, mafuta hayaondoki peke yake. Yanaondoka na nyama ya mapaja na mikono. Anza na yai, maharage, kuku. Kidogo kidogo, lakini vyakula hivyo kwanza. Maji usiyasahau. Halafu nyanyua vitu vizito."

"Na kichefuchefu?"

"Kula polepole, acha vya mafuta. Kikizidi, njoo tuzungumze na daktari. Usijinyamazie."

Hersilia alirudi nyumbani amekasirika, na hasira yake ikawa na faida. Alfajiri, mikate ikiwa jikoni, aliketi kwenye kigoda cha uani na kusimama, akaketi na kusimama, mumewe Rosendo akimtazama huku anakunywa kahawa.

"Kigoda kimekukosea nini?" Rosendo aliuliza.

"Nyamaza, niletee ile ndoo ya maharage."

Alijaza maharage ndoo mbili, akazinyanyua hadi mikono ikakataa. Yai na maharage meusi alivila kama dawa, akitafuna bila hamu, na chapati ya mahindi ikasubiri zamu yake. Siku nyingine kichefuchefu kilimshika akaacha katikati. Baada ya muda akarudi na kumaliza. Domitila naye alianza kumsindikiza kupanda kilima cha Msalaba. Alidai anakwenda kumcheka, lakini yeye ndiye aliyehema zaidi.

Kabla ya Ijumaa Kuu, Nineth alimwekea kiti kilekile. Hersilia alisimama bila kushika kitu, kisha akasimama tena bila kuambiwa.

Siku ya maandamano alikula mapema, akavaa nyeusi, akapangwa na wanawake wa kimo chake. Bendi ilipoanza wimbo wa maombolezo, jukwaa likashuka juu ya bega lake kwa uzito aliokuwa ameusahau. Walipita juu ya mazulia ya vumbi la mbao la rangi yaliyochorwa barabarani, wakiyumba pamoja, kushoto, kulia. Kwenye kona, mwanamke wa mbele yake alijikwaa na uzito ukamlalia Hersilia mzimamzima. Mapaja yakakaza. Hakutetereka.

"Umenishikilia, dada?" mwanamke aliuliza bila kugeuka.

"Nimekushikilia. Twende."

Rosendo alikuwa kando ya barabara, kofia mkononi. Alimwona mkewe akipita ameinua kidevu, akashindwa hata kumpungia.

Hersilia bado ni mwanamke mnene, na sindano bado anajidunga. Wiki ya Pasaka, wateja walipomuuliza amepunguza kilo ngapi, alivuta shingo ya blauzi na kuwaonyesha alama ya zambarau ambayo jukwaa lilimwachia begani.

"Funika bega, watu wanataka mikate," Domitila alimwambia.

"Waangalie kwanza," Hersilia alisema. "Mikate haiendi popote."