Ndama wa Shangazi Yuko Benki

Shangazi yangu wa Butiama alifika kwangu Kitaji asubuhi, kabla sijamaliza chai, akakataa kuketi.

"Twende benki. Nataka wanirudishie ng'ombe wangu."

Alikuwa akimaanisha fedha. Malisho yalipopungua aliuza sehemu ya kundi lake mnadani Nyamuswa, na kwa ushauri wangu fedha akaziweka benki Musoma mjini, amana ya mwaka mmoja, riba ikilipwa kila baada ya miezi mitatu. Riba ya mwaka mzima ingemnunulia tangi la maji, apumzike kwenda kisimani. Sasa riba ya kwanza ilikuwa imeingia pungufu. Na akivunja mkataba kabla ya muda wake, riba ingerudi benki yote, tangi asilione.

Hasira yake niliielewa. Kwetu mwenye ng'ombe wengi huwawekesha baadhi kwa rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, samadi anapeleka shambani kwake, lakini ndama ni wa mwenye ng'ombe. Shangazi aliihesabu benki kuwa rafiki wa namna hiyo.

"Maziwa sijawanyima," aliniambia njiani. "Fedha zangu wanazifanyiaga biashara, siulizi. Lakini ndama wamemkata mguu!"

"Si benki, shangazi. Ni kodi. Kumi kwa mia ya riba."

"Usinidanganye. Mwanangu wa Bunda ni mwalimu. Kasema mshahara usiozidi laki mbili na sabini kwa mwezi haukatwi kodi. Riba yangu inafika huko?"

"Haifiki."

"Sasa?"

Mambo ya kodi nimejifundisha mwenyewe, nikisoma sheria dukani kwangu wateja wanapopungua, kwa hiyo nilimjibu kwa mpangilio. Kiwango kile kisichotozwa kimewekwa kwa mapato ya ajira. Riba ya akiba ya mtu binafsi ina njia yake: inakatwa kuanzia shilingi ya kwanza, na ikishakatwa imekwisha, haijumlishwi tena na mapato yake mengine. Niliona nimeeleza vizuri sana. Shangazi alinitazama kama mtu anayesubiri mvua iishe.

Tulikuwa tumefika mlango wa benki aliposimama ghafla.

"Ngoja. Mnadani ukiuza ng'ombe, si unalipa ushuru? Wanakuulizaga umebakiza wangapi nyumbani?"

"Hawaulizi."

"Mwenye mmoja na mwenye mia, wote wanalipa kwa kila kichwa?"

"Wote."

"Na ukishatoka getini, kuna anayekufuata?"

"Hakuna."

"Mbona hukusema hivyo tangu Kitaji? Unanichosha na sheria, mzee mzima!" Akawaza kidogo. "Na serikali yenyewe ikinikopa mimi, nayo inakata?"

Nikamwambia kuhusu hatifungani: unaikopesha serikali kwa miaka mingi, inakulipa riba, na kwa sheria ilivyo sasa riba ya zile za muda mrefu haikatwi kodi hiyo. Alicheka mpaka mlinzi akageuka.

"Mjanja huyo! Ndama wa zizi lake hamgusi!"

Dada wa dirishani alimwamkia, akamuuliza amsaidie nini. Nilisogea kando. Mkataba ulikuwa wake, na mkoba wenye karatasi zote alikuwa ameubana kwapani.

"Nimekuja kuwasalimia," shangazi alisema. "Ng'ombe wangu hawajambo?"

Dada alinitazama mara moja, kisha akatabasamu. Bila shaka kwao pia wanafuga.

"Wazima kabisa, mama. Wanakula vizuri."

"Basi waache wazae."

Kutoka hapo alinipeleka kwenye duka la matangi. Alizunguka kila moja, akiligonga ubavuni na kusikiliza, kama anavyokagua mtamba kabla ya kutaja bei. Muuzaji akamuuliza anachukua lipi.

"Leo nachagua tu. Mama yake bado ananyonyesha."

Kisha akafunua mfuniko wa lile kubwa, akaingiza kichwa ndani na kujiita kwa jina lake kwa sauti. Tangi likamwitikia. Akajiita tena.