Injini ya Marehemu Mume Wangu

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa magari ya watu, na lake mwenyewe lilikuwa moja: gari dogo la bluu, kubwa kwa umri kuliko wanangu wote. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza habari, "nzuri", basi. Ila gari alilisemesha. Mimi nilitamba mtaa mzima: gari la mume wangu halijabadilishwa injini tangu litoke kiwandani. Yeye alikuwa akisikia, anaendelea kufuta kioo.

Alipokufa sikulia. Waliongoja nilie walichoka wakaenda zao.

Mwanangu mkubwa akasema, "Mama, hilo gari limekufa, linakula uwanja. Mwezi ukiisha halijawaka, nawaita watu wa vyuma chakavu."

"Litawaka," nikamwambia.

Nikamwita fundi, yule wanayemwita Taratibu. Akasema gasketi ya silinda hedi, lile bati jembamba la matundu linaloziba kichwa cha injini, imeungua. Tukaagiza kwa kufuata kibati cha mlangoni, chenye aina na mwaka wa gari. Ikaja, matundu hayakulingana. Tukaagiza kwa muuzaji mwingine. Ikawa yale yale.

"Mama, tumesoma mlango vya kutosha. Injini ina namba yake ubavuni, chini ya huu utando wa mafuta. Niruhusu nikwangue."

"Injini na gari ni mtu na ngozi yake."

"Kuna ngozi za kuazima, mama."

"Una mdomo kuliko spana wewe."

Akacheka, akakwangua, akaguna. "Hii ya pikapu. Zile za kubebea maziwa."

"Soma tena."

Akasoma.

"Vaa miwani."

Akavaa. Pikapu.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa amekaa kizingitini. Akasimama. "Shemeji, ile ya kwanza iliungua siku ulipolazwa kumzaa kitinda mimba. Kaka aliendesha bila maji kwenye rejeta, mbio akufikie. Tukafunga hii. Akanionya, usimwambie, anapenda kusema ya kiwandani."

Nikangoja moyo uniume. Haukuuma. Niliona tu mafuta meusi kwenye kucha za fundi, nikawaza sabuni iko wapi.

"Sasa niagize ya pikapu," fundi akauliza, "au tuendelee kuuamini mlango?"

Mtaa mzima ulinijua kwa maneno yangu. Na mwezi ulikuwa unakwisha.

"Ya pikapu," nikasema. "Na usiniangalie hivyo."

Spea za pikapu zimejaa kila mahali. Gasketi ilipatikana siku ile ile, ikakaa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Mwanangu alipofika alikuta gari linanguruma, majirani wamejaa uwanjani. Akapiga makofi. "Mama wewe! Injini ya kiwandani hiyo, si mchezo!"

"Ya pikapu ya maziwa," nikajibu, wote wasikie. "Baba yako aliifunga."

Jirani mmoja akaanza kucheka, mkewe akamfinya. Nikazima gari, nikachomoa ufunguo, nikaingia ndani kulala. Kulikuwa mchana kweupe; tangu tumzike sikuwa nimepata usingizi.