Koili Moja, Koili Mbili

Baba na mimi tumegombania mambo mengi, lakini hakuna ugomvi uliodumu nyumbani kwetu kama ule wa koili. Wengine hurithi nyumba. Mimi nimerithi ubishi, na aliyenirithisha yu hai, anabisha mpaka leo.

Kwa asiyepiga gita la umeme, nieleze kidogo nisimwache njiani. Chini ya nyuzi za gita pana sumaku ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba mno. Uzi ukitikisika, sumaku na waya ndivyo vinavyoipokea sauti na kuipeleka kwenye spika. Wapigaji tunaiita pikapu. Nyengine ina koili moja ya waya, nyengine ina mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Koili moja hutoa sauti nyembamba, kali, safi. Kila kidole kinasikika kivyake, hata kinapokosea. Ila ina tabia ya kuvuma ukiwa karibu na taa. Koili mbili huukata ule mvumo, na sauti yake ni nene, ya chini, imeshiba.

Baba ni mtu wa koili moja. Alikuwa fundi wa redio hapa Mji wa Kale, na ujanani alipiga gita kwenye kikundi cha taarabu. Pikapu ya gita letu aliizungusha waya mwenyewe, kwa mkono, akiwa amejifungia chumbani ili asipigwe na upepo wa mlango. Mimi nilipokua na kuanza kupiga kwenye arusi nilichoka na ule mvumo, nikanunua koili mbili kwa mpigaji mmoja wa kanisani anayekaa Buxton. Nilipoileta nyumbani, baba aliisikiliza mara moja tu.

"Hii ni sauti ya mtu mwenye mafua," akasema.

"Na yako ni inzi ndani ya chupa."

"Wewe mwana u mbishi."

"Kwani nimezaliwa na nani?"

Mama alicheka mpaka akaweka kando kofia aliyokuwa akiishona. Mwisho baba alizifunga zote mbili kwenye gita lile lile, yake karibu na mkono wangu wa kulia, yangu kule kwenye shingo ya gita, akaweka swichi katikati. Katika kuhangaika huko alijaribu pia koili moja iliyozungushwa waya mwingi zaidi, ambayo sauti yake ni nene kiasi na inavuma kiasi. Hakuna aliyeipenda. Ugomvi wetu haukuwa wa watu wa katikati.

Sasa, jambo lenyewe ni hili. Baba ndiye aliyenifundisha gita, na baba hakuwahi kunisikia nikipiga na wenzangu. Kikundi chetu ni cha wanawake, na tunapiga kwenye kupamba, ile siku ya kumuonyesha bibi arusi, ambayo mwanamume haingii. Simu nazo hukusanywa mlangoni, kwa hivyo hata kurekodiwa hakuna. Nyumbani alinisikia kila siku, goti lake limegusa spika. Lakini gita likiwa na fidla na kinanda na ngoma na vigelegele ni kitu chengine, na hicho alikuwa akikitamani. Aliniuliza tu, kila nikirudi, "Waliitikiaje?" na mimi nilimsimulia mpaka chai ikapoa.

Kisha mdogo wangu wa mwisho akaposwa. Sherehe ikapangwa kwenye ukumbi mmoja wa zamani humu humu mtaani, jengo la mawe ya matumbawe lenye kuta nene. Ng'ambo ya kichochoro, mkabala na ukumbi, kuna baraza ambapo wanaume wa arusi hukaa kungojea wake zao. Baba alipoisikia habari hiyo alichangamka.

"Nitakaa pale barazani," akasema. "Nitakusikia."

Alilisema hilo siku nyingi, na kila akilisema mimi nilizusha habari nyengine. Masikio yake yalikuwa yakimtoka pole pole, na ole wake mtu atakayemwambia. Birika lilipiga mbinja jikoni na yeye amekaa kando yake. Simu ililia mfukoni mwake mpaka ikakata tamaa. Alidai kwamba watu wa Mji wa Kale siku hizi wamejifunza kunong'ona. Tulicheka naye, kwa sababu alitaka tucheke. Lakini mimi nililala nikiwaza kwamba atakaa pale nje na kanzu yake mpya, ajitahidi, asisikie chochote, kisha aje aniambie uongo kwamba amesikia.

Ndipo nikasema tujaribu. Alasiri moja, baada ya sala, nikamkalisha kwenye baraza ya jirani, ng'ambo ya kichochoro chetu. Mimi nikakaa ndani na spika, mlango umefungwa, uso nimeupeleka ukutani kwa sababu waya wa gita ni mfupi. Mama alikaa dirishani na kofia yake ili aniambie kama baba anasikia.

Nikapiga kwanza koili moja, muziki alioutunga mwenyewe zamani, ule wa kumuingiza bibi arusi.

"Anasikia," akasema mama. "Kichwa chaenda sawasawa."

Nikasukuma swichi, nikapiga koili mbili.

"Anasikia pia. Amekunja uso."

Nikatoka nje kumuuliza. Alisema zote amezisikia, lakini ile ya kwanza ndiyo safi, na kwamba binti yake akimuingiza binti yake mwengine kwa sauti ya mafua, yeye atahama mji. Nilibisha, maana siwezi kuacha kubisha, lakini moyoni nilifurahi. Anasikia. Basi na ashinde. Nikamuahidi nitapiga koili moja.

Siku ya kupamba nilimuona akikaa kwenye ile baraza pamoja na ami zangu, ile kofia aliyoshonewa na mama kichwani, mikono juu ya magoti. Niliingia ndani nikaweka swichi kwenye koili moja, kama nilivyoahidi.

Mpambaji alikuwa ameleta taa za kila rangi, amezipanga kuzunguka kiti cha bibi arusi, na sisi wapigaji tumekaa papo hapo ubavuni. Nilipowasha tu, gita likavuma. Wimbo wa kwanza ukapita nikijifanya silisikii. Wa pili, mwimbaji wetu akanitupia jicho. Wa tatu ulipoisha aliniinamia na kuniambia, "Bui, shoga yangu, huyo nyuki wako mtoe nje."

Sikumtoa. Nilijua nani yuko nje ya ukuta ule na nimemuahidi nini. Nyimbo zikafuatana, nyuki yumo, na wenzangu wamenuna. Lakini ikafika zamu ya bibi arusi kuingia, na muziki wa baba huanza kwa gita peke yake, kimya kabisa, vidole vichache tu. Mvumo ule ungeufunika wote. Nikamuona mdogo wangu amesimama mlangoni na shela lake, ananingojea mimi. Nikasema moyoni, baba, unisamehe. Nikasukuma swichi.

Mvumo ukakatika, ukumbi ukatulia, na ile sauti nene ikatoka. Nilipiga muziki wa baba wote hivyo, kwa haya, nikijua amekunja uso huko barazani. Mdogo wangu alitembea pole pole mpaka kitini, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nilikuwa nikilia huku napiga. Nyimbo zilizobaki sikurudi tena kwenye koili moja. Kosa nilikwisha kulifanya.

Tulipotoka, baba alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwendea nimeshajiandaa kutetea swichi yangu. Yeye akanishika mkono wa kushoto, akazibinya ncha za vidole vyangu, pale penye sugu za nyuzi, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo ili ajue nimefanya mazoezi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Kidole kwa kidole. Nimefurahi mpaka ami zako wamenicheka." Kisha akauliza, "Ila ngoma nilizisikia mapema. Mbona wewe ulichelewa? Hukuanza mpaka alipoingia bibi arusi."

Mimi nilikuwa nimepiga tangu wimbo wa kwanza, kwa koili moja.

Mama alikuwa ametoka nyuma yangu. Humo ndani walikuwa wamewasha nyimbo za kuagia wageni, na mama, amesimama tu na mkoba wake, alikuwa akiupigapiga kwa kiganja akifuata mapigo. Mkono wa mama hautulii penye muziki, na hajui kwamba hautulii. Nikaliona akilini dirisha letu alasiri ile, mama amekaa pale, kiganja chake kikipigapiga mbao, na baba ng'ambo ya kichochoro akikitazama na kutikisa kichwa. Baba alimfuata mama, mama alinifuata mimi, na mimi nikawaamini wote wawili.

"Nilichelewa kidogo, baba," nikasema. "Uzi ulikatika."

"Nikajua tu kuna neno." Akanigonga begani. "Lakini umeona? Ile ndiyo koili moja. Haikuvuma hata chembe. Yale mafua yako yangeishia pale pale ukutani."

Katika maisha yangu sijawahi kukosa jibu mbele ya baba. Na jibu nilikuwa nalo, lilikuwa mdomoni, tena la kweli, la kumaliza ugomvi wetu wa miaka yote. Nilimtazama na kofia yake imepinda, amefurahi kama aliyeoa yeye. Jibu nikalimeza.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Koili moja."

Hakuniachia vidole.

"Leo hubishi?"

"Sibishi."

Akaniinamishia kichwa. "Wasemaje?"

Nikamsogelea sikioni, nikaishusha sauti, nikaifanya nene kadiri nilivyoweza.

"Umeshinda, baba."