Nilimkaribisha Chakula Mara Moja, Sasa Anaishi Kwangu

Habari za leo admin na wote mnaosoma. Nifichie jina tafadhali, maana binti yangu anafuatilia ukurasa huu na wanakwaya wenzangu nao wamo.

Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, Mtanzania, mjane. Nimekaa London miaka mingi nikihudumia wazee wa watu, na nilipostaafu mwenyewe nikanunua karavani kwenye kijiji cha wastaafu pembezoni mwa jiji, basi moja tu mpaka Lewisham. Msidhani ni gari la kutembea. Magurudumu yapo lakini yamezibwa kwa matofali, ndani kuna jiko, sebule na chumba kimoja. Wakazi wote ni watu wazima, watoto hawaruhusiwi kuishi. Mtu mweusi nilikuwa peke yangu, nikajiambia nitasalimiana na watu na kukaa kwangu, basi.

Kiangazi cha mwaka juzi nilikuwa kibarazani, saa kumi na moja jioni, nakula wali na maharage ya nazi. Akapita jirani wa karavani la tatu, mzee wa Kiingereza aliyefiwa na mkewe, nitamwita Ken. Akanisalimia. Sasa nyie mnajua, mtu akikukuta unakula utafanyaje? Ikanitoka "karibu" ya Kiswahili kabisa, halafu kwa adabu nikaifasiri, njoo tule. Kwetu Morogoro mtu angejibu "asante, nimeshiba" akaenda zake, hata kama hajala tangu jana. Ken akasema, "Oh, lovely," akavuta kiti.

Alikula sahani mbili. Kesho yake saa kumi na moja kamili akaja tena, shati kalipiga pasi, ana uma wake mfukoni. Nikasema ni mgeni wa desturi zetu, atazoea. Ndugu zangu, alizoea kweli. Nilijaribu kula saa kumi, akatokea saa kumi. Nilijaza pilipili kwenye mchuzi, akatoka jasho mpaka miwani ikaingia ukungu, akaomba aongezewe. Nilijaribu kunyamaza nisimkaribishe, mdomo wangu mwenyewe ukanisaliti.

Nisiwe mwongo, ni mtu mwema. Alinitengenezea mfereji wa paa, alinibadilishia mitungi ya gesi kwenye baridi yote ile, na ni yeye aliyenipeleka kwenye ukumbi wa bingo, ule mchezo wa namba, akanitambulisha kwa watu ambao mwaka mzima walikuwa wananipita. Siku hizi napungiwa mkono mpaka na mwenye mbwa wakali. Sasa mtu kama huyo unamwambiaje usije tena?

Kosa kubwa nililifanya Januari. Alikuja anakohoa, nikamuonea huruma, nikamwambia jisikie uko nyumbani. Hilo nalo nilimfasiria. Mwezi wa tatu nikafungua mlango nikamkuta na masanduku mawili, redio na kiti chake cha kukunja. Karavani lake ameshaliuza.

"Nyumba mbili za nini," ananiambia, "na mimi siku zote niko kwako? Wewe mwenyewe ulisema hapa ni nyumbani."

Analala sebuleni kwenye kochi, hajawahi kunigusa hata kidole. Lakini nani ataamini? Jirani yetu Maureen ananifumia shali ya harusi na ananiuliza napenda ua gani. Kanisani nimeacha kushiriki meza ya Bwana, maana mchungaji akiniuliza nimjibu nini, kwamba ni suala la tafsiri? Binti yangu, nimwite Neema, nilimpigia nikilia. Akanijibu, "But Mum, you invited him," yaani nilimwalika mwenyewe. Nikamwambia mwanangu, ile haikuwa invitation, ile ilikuwa salamu. Akasema, "Then why did he get a plate?" Sahani je, nilimpa ya nini? Amezaliwa huku, simlaumu.

Ken simpendi kwa namna hiyo. Wala simchukii, na hapo ndipo niliponasa. Maana kuna jambo asilolijua. Dada yangu mkubwa yuko Morogoro, macho yamefifia, ananisubiri nirudi tuzeeke pamoja kama tulivyoahidiana mama alipofariki. Karavani nimelitangaza kimyakimya na mnunuzi amepatikana. Anataka jibu Ijumaa hii. Nikisema ndiyo, Ken ana miaka themanini na moja na hana pa kuweka kile kiti chake. Nikisema hapana, dada yangu atanisubiri mpaka lini? Naogopa. Usiku karavani lenyewe naliona limepungua.

Jana nilikwenda Peckham kununua unga na mihogo. Njia nzima kwenye basi nilikuwa napanga maneno ya kumwambia. Niliyapanga kwa Kiingereza, nikayarudia kwa sauti ya chini mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Nikafika, mikono imejaa mifuko, ufunguo uko chini kabisa ya mkoba. Nikagonga mlango wangu mwenyewe kwa kiwiko.

Kutoka ndani nikasikia Kiswahili, kile nilichomfundisha mwenyewe.

"Karibu, mama. Karibu nyumbani."

Meza ilikuwa imeandaliwa, sahani mbili, wali umeungua kidogo chini. Alikuwa amesimama anatabasamu, amevaa aproni yangu, ananisubiri nijibu.

Nikajibu "asante." Nikaingia, nikala.

Ijumaa ni keshokutwa. Nipeni akili zenu jamani, nifanye nini? Na kama kuna mtu anajua neno la kumtoa mgeni ndani bila kumfukuza, aniandikie, maana nimelitafuta kwenye Kiswahili chote nilichonacho sijaliona.