Ubongo wa Mama Mkwe

Kazini wanamwita Mkalimani, ingawa lugha anayoijua vizuri ni moja tu, na hata hiyo mkewe humrekebisha. Kazi yake ni kuhamisha picha za ubongo wa watu kutoka programu moja ya kompyuta kwenda nyingine. Mashine ya sumaku inapiga picha. Programu moja inazipokea na kuzitunza, nyingine inazipima. Kila programu ilitengenezwa na watu wake, na kwa jinsi kazi zao zisivyoelewana ungedhani watu hao waligombana tangu shuleni. Hii inahesabu picha kutoka juu kwenda chini, ile kutoka chini kwenda juu. Hii inauonyesha ubongo kana kwamba wewe mtazamaji umesimama mbele ya mwenyewe, mnatazamana. Ile inauonyesha kana kwamba umesimama nyuma yake. Sikio la kulia la mtu yule yule linaweza kuwa upande huu wa skrini asubuhi na upande ule mchana, na mwenye sikio hana habari.

Kulinda kulia na kushoto, basi, ndiyo nusu ya kazi ya Mkalimani, na wanaomfahamu huicheka sana nusu hiyo. Huyu ni mtu ambaye dereva wa teksi akimuuliza, "Nikate wapi, bosi?" hutazama kwanza mkono wenye saa ndipo ajibu. Siku saa ikiwa kwa fundi, wawili hao huuona mji wote. Mkewe aliacha zamani kumtajia kulia na kushoto. Nyumbani kwao kuna upande wa dirisha na upande wa friji, na maisha yanakwenda.

Daktari, mama anayeongoza utafiti, anazijua habari hizo na bado alimwajiri. "Nimefanya kazi na watu wenye uhakika," huwaambia wanaomshangaa. "Walinitesa. Huyu ana wasiwasi, na mimi namtaka hivyo hivyo."

Wiki hiyo wasiwasi ulikuwa na sababu. Kompyuta ya zamani, yenye programu ya zamani, ilikuwa ichukuliwe Ijumaa na isirudi tena. Mkalimani alikuwa ametumia miezi kuhamisha picha zote kwenda programu mpya. Daktari alimwekea sharti moja.

"Ukiniambia zimefika salama, waichukue. Ukiniambia kuna zilizogeuka, tunaizuia, tunaanza upya, na utafiti unangoja mwaka mwingine. Nipe neno lako Alhamisi."

Namna ya kuhakikisha ilikuwepo, tena rahisi. Kabla mtu hajaingia kwenye mashine, hubandikwa kidonge cha mafuta ya samaki kwa plasta kando ya paji la uso, upande wa kulia. Mafuta hung'aa kwenye picha kama nukta nyeupe. Programu ikisema huku ni kulia na nukta iko huku, mambo ni shwari. Shida ni kwamba utaratibu huo ulianza utafiti ukiwa katikati. Picha za mwanzo hazina nukta. Kwa hizo hakuna la kufanya ila kuiamini programu.

Mkalimani alizipitia zenye nukta moja baada ya nyingine. Zote zilikubaliana na programu. Zote, isipokuwa moja. Aliitazama, akatazama saa yake, akaitazama tena. Akaenda kwa Daktari akiwa na laputopu mikononi kama mtu aliyebeba sahani iliyovunjika.

"Daktari, huyu ana nukta kushoto."

"Nani alibandika kidonge?"

"Mimi."

"Aa," akasema Daktari. Ilikuwa "aa" fupi, lakini teksi zote za mjini zilikuwa ndani yake. "Basi ulibandika kushoto. Tumemaliza."

"Natamani iwe hivyo. Lakini kama nilibandika kulia, basi programu ndiyo iliyogeuza picha. Na kama imegeuza hii, zile zisizo na nukta nani atazitetea?"

Daktari akavua miwani. "Kwa hiyo unaomba Mungu iwe ni wewe uliyekosea."

"Usiku na mchana."

Daktari akavaa miwani tena, akaisogelea skrini. Chini ya ubongo, usawa wa shavu, palikuwa na doa jeusi lililotapakaa kama wino uliomwagika. "Na hili?"

"Jino lililovikwa chuma. Ndani ya mashine halidhuru, ila huivuruga picha. Programu mpya inasema liko kulia."

"Jawabu si hilo? Muulize mwenye jino. Akisema kulia, programu ni nzima na mjinga ni wewe. Akisema kushoto, tunaanza upya. Unamfahamu?"

Mkalimani akafunga laputopu taratibu. "Ni mama mkwe wangu."

Daktari aligeukia dirishani, na mabega yake yakawa yanatikisika kwa muda.

Mama mkwe aliingia katika utafiti kwa hiari. Walitafutwa wanawake wazima wa afya njema, na alipoambiwa kwamba kazi ni kulala chali bila kufanya lolote, alisema hiyo ndiyo kazi aliyoingoja tangu aolewe. Tatizo halikuwa ushirikiano wake. Tatizo lilikuwa meno. Mama huyu anaishi na binti yake na mkwe wake, na hakuna mlo unaopita bila kuwakumbusha kwamba kinywani mwake hakuna jino la dukani. "Haya yote nimekuja nayo," husema, kisha humtazama Mkalimani akikoroga sukari kwenye chai. Siku ya mashine, fundi alipomuuliza kama ana chuma chochote mwilini, alivua hereni, akavua pete, akasema, "Sasa nimebaki mimi." Mkalimani aliliona doa jioni ile ile, akanyamaza. Kazi ilimtaka anyamaze, na ukwe ulimtaka zaidi.

"Mpigie simu," Daktari alipendekeza.

"Daktari, neno kama hilo halipiti kwenye simu."

Alhamisi alirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Mkewe alikuwa jikoni akiosha vyombo. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi sebuleni, akichambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Bado, mama."

"Bado! Haya kaa, unanizibia mwanga."

Akakaa kwenye kiti, mbele yake. Akakohoa. "Mama, ile siku ya mashine…"

"Ile inayogonga kama wanapanga masufuria? Waliuona ubongo?"

"Waliuona. Mzuri sana."

"Najua. Endelea."

"Kuna kitu kidogo kimejitokeza. Huku chini." Akagusa shavu lake mwenyewe. "Kama… chuma."

Vidole vya mama mkwe vilisimama ndani ya mchele. Alitazama mlango wa jikoni, akashusha sauti. "Si mliniambia inapiga ubongo?"

"Ndiyo, mama."

"Meno imeyafuata nini?"

"Yako jirani, mama."

"Umbea tu." Akasukuma sinia kando. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Na hukusema? Hata kwa mkeo?"

"Hata kwake."

Alimtazama kama mtu anayekitazama kitambaa alichodhani ni hafifu, kumbe kimefuliwa mara zote hizo na rangi haijatoka. "Sasa wanataka nini?"

"Kujua liko upande gani."

"Mnalo kwenye picha na hamjui upande?"

"Hapo ndipo penye shida yote, mama. Kazi yangu ya miezi imekaa juu ya jino hilo."

Mama mkwe akashusha pumzi, akaweka kidole shavuni. Mkalimani akakitazama kidole, akatazama saa yake. Kidole kilikuwa upande wa saa. Akaiona kompyuta ya zamani ikizuiwa mlangoni, akaziona picha zote zikirudi mezani kwake kama wageni waliosahau mizigo.

"Kushoto," akasema kwa sauti ya msibani.

"Kushoto kwa nani?"

"Kwako, mama."

"Kwangu? Huu ni mkono ninaokulia chakula, baba. Umekaa mbele yangu! Hebu njoo hapa."

Akamvuta hadi kwenye kochi, wakakaa bega kwa bega, wote wawili wakiutazama ukuta. Akaukamata mkono wake usio na saa, akauinua. "Huu, na huu wangu. Upande mmoja. Jino liko huku huku. Umeelewa au nilete chaki?"

Mkalimani alielewa mengi kwa pamoja. Siku ile ya kidonge pia alisimama mbele yake, wametazamana, na saa alikuwa ameivua kwa sababu ya sumaku. Alibandika upande wa kulia, naam, lakini kulia kwake mwenyewe. Alichukua simu.

"Daktari! Nimekosea! Ni mimi!"

Haijulikani kama kuna mfanyakazi aliyewahi kuripoti kosa lake kwa furaha kama hiyo.

"Hongera," akasema Daktari. "Jino ni la kulia?"

"La kulia kabisa."

"Usinielewe vibaya, lakini anayeniambia ni la kulia ni yule yule aliyebandika kidonge. Yupo mtu mwingine wa kuthibitisha?"

Mkalimani akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akautazama mlango wa jikoni, kisha akamtazama mkwe wake, aliyekuwa ameikaza simu sikioni. Akanyoosha mkono.

"Nipe."

"Shikamoo, mama," ilisikika sauti ya Daktari.

Mama mkwe ni wa wale wanaoamini kwamba mtu akiwa mbali, simu pekee haitoshi, sauti nayo lazima isaidie. Akavuta pumzi.

"Marahaba, Daktari! Jino ni la kulia! La juu, nyuma kabisa! Limevikwa chuma tangu huyu binti yangu hajaolewa, na mwenyewe hajui, kwa hiyo naomba ibaki siri yetu!"

"Asante, mama," akasema Daktari. "Hiyo inatosha."

Jikoni mgongano wa vyombo ulikoma. Sebuleni hakuna aliyetikisika. Mama na mkwe walibaki bega kwa bega, wakiukazia macho ukuta. Kisha vyombo vikaanza tena, sahani moja, halafu nyingine, polepole, kama vinaoshwa na mtu aliyeuma kitambaa cha jikoni ili asicheke.